Kabla ya Rangi, Waya

Moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi tukiwa tumeiacha Muheza nyuma, tunarudi Tanga, saa mbili usiku. Mjomba alizima gari, lakini moshi haukukoma, maana waya uliokuwa unaungua haupiti kwenye swichi. Nikafungua boneti, nikapapasa spana gizani, nikalegeza kichwa cha betri na kukichomoa. Hapo ndipo moshi ulipokata. Tukakaa kando ya barabara, harufu ya plastiki iliyoungua imejaa ndani, mjomba akirudia maneno yale yale: "Lakini mwanangu, juzi tu limetoka kupigwa rangi."

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Lilifanya kazi kwenye shamba la mkonge kwa miaka mingi kabla mjomba hajalinunua. Alipoamua kulifufua, bodi ilinyooshwa, siti zikashonwa upya, rangi ya kijani ikapigwa tabaka tatu, na pesa ikaishia hapo. Waringi ikaachwa ilivyo, kwa hoja kwamba taa zinawaka na honi inalia.

Tangu usiku ule nina msimamo mmoja na sijaona sababu ya kuubadilisha: gari la zamani likishavuliwa kwa ajili ya kufufuliwa, waringi yote itoke, ifumwe upya, na kazi hiyo iishe kabla rangi ya mwisho haijapigwa. Pesa ikipungua, ipungue kwenye rangi. Gari lenye mabaka linaweza kukufikisha Korogwe usiku.

Kesho yake tulilivuta gari hadi Ngamiani kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, tukafungua dashibodi. Nilichokiona sijakisahau. Nyaya za kiwandani zilikuwepo bado, zimekauka, na gamba la plastiki likivunjika vidoleni kama ganda la karanga. Juu yake palipita vizazi vitatu au vinne vya viraka: waya mwekundu wa nyumba, ule mgumu wenye uti mmoja, umepitishwa kila mahali kwa kila kazi. Viungo vilikuwa vya kusokota kwa mkono na kufunga tepu nyeusi, na gundi ya tepu ilishayeyuka kwa joto ikawa kama asali. Kwenye kisanduku cha fyuzi, fyuzi mbili za kioo zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Aliyefanya hivyo aliliwezesha gari kufika lilikokuwa linakwenda, na aliyelipanda baada yake hakujua kwamba ulinzi umeshaondolewa.

Chanzo cha moto tulikipata baada ya robo saa. Kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha dereva kuna matundu ya kupitisha nyaya, na kila tundu lina raba ya kuzuia waya usikwaruzwe. Raba hizo zilitolewa wakati wa kupiga rangi, na hazikurudishwa. Waya mnene wa kahawia ukawa unasuguana na ukingo wa chuma kila gari linapotikisika, mpaka gamba likaisha. Kwenye magari ya Uingereza ya zama zile, kahawia ni waya unaotoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Ukigusa bodi, betri nzima inamwagika pale, na waya unakuwa mwekundu kama wa jiko la umeme. Kwa hiyo hata moto ule ulitokana na mpangilio wa kazi: rangi ilitangulia, waya haukukumbukwa.

Rangi za waya ndilo jambo linaloniuma kuliko yote. Watu huzichukulia kama urembo, kumbe ni lugha. Kahawia ni umeme wa betri usiozimika. Zambarau nao hauzimiki, ila umepita kwenye fyuzi, ndiyo maana honi hutumia zambarau na mstari mweusi. Mweupe huamka ukiwasha swichi. Kijani ni ule uliotoka kwenye mweupe ukapita kwenye fyuzi: indiketa, waipa, taa za breki. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia. Bluu ni taa kubwa, na mstari wake unakuambia ni mwanga upi: mstari mweupe ni wa juu, mstari mwekundu ni wa chini. Mwekundu mtupu ni taa ndogo. Mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Fundi aliyeijua lugha hii akiwa Birmingham anaweza kulala chini ya gari Tanga akasoma bila kuuliza mtu.

Sasa chukua gari hilo, ulifume lote kwa waya mwekundu kwa sababu dukani ndio uliokuwepo. Umeme utapita, sikatai. Lakini siku kitu kikikatika, fundi ajaye atalazimika kupima waya mmoja mmoja, na akichoka atakata na kuunga wake, mwekundu pia. Ndivyo gari la mjomba lilivyofika lilikofika. Hakuna fundi hata mmoja aliyekusudia kuliharibu. Kila mmoja aliongeza ukimya kidogo juu ya ukimya wa mwenzake.

Na huo waya wa nyumba nausema bila kumung'unya maneno: haufai ndani ya gari. Ukutani hautikisiki, ukishalazwa umelala. Gari hutikisika kila siku, na Land Rover kwenye barabara ya shambani hutikisika zaidi ya mengine. Uti mmoja wa shaba ukikunjwa kunjwa mahali pamoja hukatika ndani ya gamba, ukiutazama kwa nje unaona mzima. Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba. Wa kawaida kwa taa ndogo una nyuzi 14 za milimita 0.30, ambao hubeba takriban ampea 8 bila kupata joto. Wa taa kubwa huwa na nyuzi 28, takriban ampea 17. Mnene wa kahawia huanzia nyuzi 65, yaani ampea 35 hivi.

Namba hizo zina maana hasa ukibadilisha altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, jambo ambalo kwetu hufanyika sana. Altaneta za kiwandani za Series III zilitoa ampea 34 hivi. Watu huzitoa na kufunga ya gari la Kijapani yenye ampea 60 au zaidi, kisha wanaunga waya ule ule wa kahawia wa zamani. Betri ikiwa nzima hutaona kitu. Siku betri imelala, ukalisukuma gari likawaka, altaneta itamwaga kila ilicho nacho kwenye waya usioweza kukibeba. Anayefunga altaneta kubwa na afunge na waya mnene, siku hiyo hiyo.

Tulipoanza kazi, mzee fundi hakuniruhusu kutupa waringi ya zamani. Aliitoa nzima, kama mtu anayemtoa samaki mifupa, akailaza sakafuni juu ya ubao, akagongomea misumari kila tawi linapochepuka, na kila ncha tukaibandika kikaratasi chenye jina lake. Waringi mpya tuliifuma juu ya ile ya zamani, tawi kwa tawi, urefu kwa urefu. Uingereza bado wapo wanaotengeneza waringi kamili za magari haya, hata za kuvishwa uzi wa pamba kwa yale ya miaka ya 1950, na mwenye uwezo akiagiza hatajuta. Sisi hatukuweza. Waya wa rangi halisi tuliupata kwa shida, mwingine kwa kununua waringi za magari yaliyokufa na kuchagua vipande vizima. Ilituchukua wiki tano.

Kwenye kuunga tulibishana. Mimi niliamini kila kiungo kilehemiwe. Mzee alisema hapana: risasi iliyoyeyuka hunyonywa ndani ya nyuzi na kuzifanya kitu kimoja kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatikia kwa mtikisiko. Alitaka temino, kile kichwa cha chuma cha ncha ya waya, ibanwe kwa koleo lake maalumu, iwe imeshika shaba na imeshika gamba pia. Nimekuja kukubali kwamba alikuwa sahihi. Nimevuta viungo vyake kwa nguvu zangu zote na sijang'oa hata kimoja.

Kisha kuna ethi, na hapa rangi inarudi tena. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu, ukuta wa mbele ni wa chuma, chesisi ni ya chuma, na umeme wa kila taa unategemea kurudi betri kupitia vyuma hivyo. Gari likiwa chakavu, bati linagusana na bati na mambo yanakwenda. Likipigwa rangi nzuri tabaka tatu, umelivisha kizuizi kila mahali panapofungwa skrubu. Ndiyo maana magari mengi yaliyotoka kufufuliwa yana ule ugonjwa wa ajabu: unakanyaga breki, indiketa inafifia, unawasha indiketa, taa ndogo ya upande huo nayo inacheza. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye taa ya jirani. Dawa yake ni kupiga msasa hadi chuma kionekane kila panapofungwa ethi, kupaka grisi ili kutu isiingie, hasa kwetu pwani penye chumvi hewani, na zaidi ya hapo kupeleka waya mweusi wa kila taa hadi sehemu moja iliyofungwa vizuri kwenye chesisi.

Ethi ndiyo iliyokuwa inamtesa mjomba kwa miaka miwili bila yeye kujua. Geji yake ya joto ilikuwa inapanda hadi karibu na nyekundu. Alizibua rejeta mara mbili, akabadilisha themostati, akaacha kulipandisha gari Lushoto kwa woga. Wakati huo huo geji ya mafuta ilikuwa inamwonyesha tangi limejaa kuliko lilivyo, na mara moja likamzimikia njiani. Hakuna aliyeziunganisha hizo habari mbili. Mzee alipozisikia aliinama nyuma ya geji, akachomoa kidude kidogo cha bati kisichozidi kiberiti. Kazi yake ni kushusha umeme wa betri uwe volti 10 kabla haujafika kwenye geji hizo mbili, na ethi yake ni skrubu inayokishikilia. Skrubu ilikuwa imelegea na imeota kutu. Ethi ikikosekana, volti zote 12 zinapita, geji zote mbili zinapanda pamoja. Aliisugua kwa msasa, akakaza, sindano zikashuka zote mbili mbele ya macho yetu. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, nadhani alikuwa anahesabu pesa ya rejeta.

Wapo wanaosema gari la zamani lisiongezwe kitu, libaki na fyuzi zake chache kama lilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, hasa wenye magari ya kuonyesha. Lakini gari linalotembea usiku kati ya malori, mimi nitaliongezea fyuzi na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Kiwandani umeme wote wa taa kubwa ulipita kwenye swichi ya dereva, ukaenda kwenye swichi ya kubadili mwanga, ndipo ukaja mbele. Taa mbili za wati 60 ni ampea 10. Tulipima kabla ya kugusa kitu: injini ikiwaka, betri ilikuwa na volti 13.9, kwenye taa zilifika 11.8 tu. Volti mbili zinaonekana kidogo, ila mwanga wa taa hushuka kwa kasi kuliko volti, na upungufu huo unakula zaidi ya theluthi ya mwanga. Tulifunga rilei mbili karibu na betri, swichi ikabaki kuamrisha tu, na taa zikapata volti 13.6. Rilei zimejificha nyuma ya bati, na atakayetaka kuzitoa kesho atazitoa bila kukata waya wowote wa asili. Huo ndio mpaka wangu: ongeza, lakini usikate.

Kuna dhihaka ya siku nyingi dhidi ya Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza umeme wa magari haya, kwamba ndio wafalme wa giza. Mimi sikubaliani nayo. Waringi iliyotengenezwa kwa mpangilio unaosomeka, ikavumilia vumbi la mkonge na chumvi ya pwani kwa miaka 40, ikawa bado inatambulika chini ya viraka vyote vile, haikustahili kutukanwa. Tuliichosha sisi.

Oktoba 2024 Land Rover za pande zote za nchi zilijipanga Arusha kwenye tamasha la magari hayo. Nilifurahi, na picha nilizoziona zilikuwa za kuvutia. Karibu zote zilikuwa za ubavu na pua. Natamani siku moja wenye magari hayo wafungue dashibodi, vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA walete taa zao za kupimia, wakae chini wasome.

Mwaka jana taa ya nyuma ya kulia ilitukatikia tukiwa Korogwe, jioni. Kijana fundi tusiyemjua kabisa alilala chini ya gari na tochi ya simu mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu. Aliushika waya mwekundu, akaupima, akasema, "Huu ni wa taa ndogo, umeme upo. Shikamoo mzee, naomba msasa, hii ni ethi tu." Mjomba akaitikia marahaba, akampa msasa. Hatukukaa pale dakika kumi, na hakukata waya hata mmoja.