Chongqing kwa miguu? Waulize magoti

Eti kuna mwandishi anasema Chongqing, lile jiji la milima huko China, unaimaliza kwa miguu siku moja, thubutu! Mimi nilishuka na begi mgongoni ramani ya simu inasema hosteli iko mita 200 tu, kumbe zote ni ngazi za kupanda, nimefika jasho chapachapa. Hongyadong, jengo la ghorofa lililoegemea mwamba, unaingia chini kando ya mto, unapanda lifti mpaka ghorofa ya 11, mlango unafunguka uko barabarani magari yanapita 😂 Na kwenye stesheni ya Liziba kweli treni inapita ndani ya jengo la ghorofa, watalii tumejazana chini simu juu, bibi mmoja na mfuko wake wa mboga katupita wala hageuki. Pilipili zao sasa, mdomo ganzi kama nimetoka kung'olewa jino.