Wazee Watatu wa Roma na Hesabu Yetu ya Malindi

Filamu ya Lontano lontano, yaani «Mbali, mbali», iliyoongozwa na Gianni Di Gregorio mwaka 2019, inahusu wazee watatu wa Roma wanaotaka kuhamia ng'ambo kwa sababu pensheni haiwatoshi, na mmoja wao hana hata hiyo. Wanamwendea msomi awapimie nchi moja baada ya nyingine, hatimaye wanachagua visiwa vya Azores.

Niliitazama hapa Torino pamoja na Waitaliano, nikawa nacheka mahali ambapo wao walinyamaza, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Malindi na wazee wa namna hiyo nimekua nao. Tangu Waitaliano walipojenga kituo cha kurushia roketi kule Ngomeni katika miaka ya 1960, wenzao wamefuatana hadi mji wetu ukawa na pizza na aiskrimu kila upande, na Kiitaliano changu cha kwanza nilikiokota ufukweni, si darasani.

Pensheni ya chini nchini Italia, ambayo mwaka ilipotoka filamu hiyo ilizidi euro 500 kidogo, Roma haimalizi hata kodi ya nyumba, ilhali Malindi hulipa kodi hiyo na kubakisha ya samaki. Nami nimeifuata hesabu hiyo hiyo kutoka upande wa pili, maana mshahara wangu wa kumtunza mzee ambaye hakuhama, ingawa hapa ni mdogo, ukishatumwa nyumbani unalipa karo ya wadogo zangu wawili. Mimi na mzee aliyehamia Malindi sote tunaishi kwa tofauti ya bei, ila yeye kule huitwa mgeni aliyekuja kupumzika na mimi huku huitwa mhamiaji, neno ambalo sijapata kusikia mzee wa Kiitaliano akiitwa Malindi.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba wale watatu hawafiki popote. Siku zinakwisha wakiwa wameketi kwenye baa, wakibishana juu ya safari, na mtu wa pwani atatambua mara moja kuwa hilo ni baraza, limekosa kahawa chungu na kashata tu. Mwishowe fedha walizochanga wanampa Abu, kijana kutoka Mali anayetaka kwenda Kanada. Mwisho huo naona umetiwa sukari nyingi, kwani sijakutana na Abu aliyepewa nauli kirahisi hivyo. Lakini ni kweli kwamba kati yao wote yeye ndiye aliyekuwa na safari.

Kila ninapokwenda likizo, jirani yetu mmoja Mwitaliano, aliyehamia Malindi miaka mingi iliyopita, huniagiza jibini. Akishaipokea, huniuliza kama Torino kumeanza baridi, kisha huniuliza tena, nami humweleza habari za ukungu wa asubuhi mpaka mama anaponiita nikafunge mzigo wa kurudi nao, wenye kashata.