Floraidi kaskazini: chujio la nyumbani au chanzo kipya?

Vijiji vingi vilivyo chini ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, vina watu wazima wenye meno ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Sababu ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia visimani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa maji, iliwahi kuruhusu hadi 8 vijijini. Kiasi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyaharibu yakiwa bado ndani ya fizi, kabla mtoto hajafika miaka 8, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupindisha mifupa.

Kuchemsha hakusaidii. Vijidudu vinakufa, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote sufuriani.

Wanaotetea chujio la nyumbani wana hoja nzito. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia kwa miaka mingi mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi vizuri, na mifupa haikosekani machinjioni. Familia haisubiri bomba. Ila mkaa huo hujaa, na ukishajaa maji yanatoka maangavu vilevile, ladha ileile, mama akiendelea kumnywesha mtoto akiamini yamechujwa. Kwa hiyo kugawa machujio bila mpango wa kuyapima na kubadilisha mkaa ni kuwapa watu imani tu.

Wanaotaka chanzo kipya, au kuchanganya maji mabaya na mazuri kabla hayajaingia bombani, naona wana haki zaidi: kipimo kinafanywa sehemu moja, na mtaalamu, kwa ajili ya wote. Tatizo ni kwamba bomba hufika mjini kwanza, na meno ya mtoto wa kijijini hayasubiri bajeti.

Katikati kuna maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Tangi ni ghali na kiangazi ni kirefu, lakini ya kunywa na kupikia ni ndoo chache tu. Kuoga na kufua yatumike ya kisima. Na magadi ya kulainishia maharage yapunguzwe, maana mengi ya huku yamejaa floraidi.

Fedha zilizopo ningezianzishia kwenye nyumba zenye watoto wadogo na shule za awali: bati, mifereji, tangi. Palipo na chujio, awepo mtu anayelipwa kuja kulipima.