"Umeelewa?" si swali

Mtu akimaliza kutoa maelekezo huuliza, "Umeelewa?" Anajibiwa, "Nimeelewa." Wanaachana wote wawili wakiwa wameridhika, na kesho yake kazi inaharibika. Tumelelewa tukiambiwa kwamba kuuliza si ujinga, na ni kweli. Ila msemo huo unatuhimiza kuuliza bila kutufundisha tuulizeje. Kwa maoni yangu, hatari kubwa kuliko ukimya ni swali lililoundwa ili lijibiwe "ndiyo".

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana na watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilikuwa imeshaanza kukimbia ili ipae, huku ile ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado kwenye njia hiyo hiyo. Ndani ya KLM, mhandisi wa ndege alisikia mazungumzo ya redio akaingiwa na shaka. Akauliza kama yule wa Pan Am hajatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba ametoka, na habari ikaishia hapo. Hili linauma kwa sababu swali liliulizwa. Lakini lilikuwa swali la kufungwa kwa neno moja, tena likielekezwa kwa mkubwa aliyekwisha kuamua. "Nani amesema wametoka?" lingedai ushahidi. Baadaye taratibu za mawasiliano angani zilikazwa: rubani anarudia agizo lenyewe badala ya kuitikia "sawa", na neno la kupaa halitamkwi redioni ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Wasaidizi nao wakaanza kufundishwa namna ya kumhoji rubani mkuu.

Mbinu hiyo ya kurudia inafaa popote. Baada ya kumweleza mtu kazi, mwambie: "Nimesema mengi kwa haraka. Hebu nieleze utaanzia wapi, nijue kama nimeeleza vizuri." Sehemu ya mwisho isiachwe, maana ndiyo inayouweka mzigo kwa mwelezaji. Ukisema tu "haya, rudia nilichosema", umemtahini mtu mzima, naye atakariri maneno yako bila kukuonyesha alipokwama.

"Kuna swali?" nalo ni dhaifu vilevile. Jaribu "Hatua ipi haijakaa sawa?" kisha unyamaze. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza, na kushindwa kujibu kukapungua. Sekunde 3 za kimya ni ndefu mno kwa anayeuliza. Hesabu kimoyomoyo ukilazimika, lakini usijijibie.

Kuna swali jingine ambalo watu hulionea aibu kwa sababu linaonekana la kitoto: "Kwa kipimo gani?" Mwaka 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Vipimo vya mafuta vya ndani ya ndege vilikuwa vimeharibika, hivyo mafuta yakapimwa kwa lita na kugeuzwa kuwa uzito kwa hesabu ya mkono. Waliohesabu walitumia 1.77, yaani ratili kwa lita, badala ya takriban 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Marubani waliiongoza ikielea angani mpaka Gimli, Kanada, na wote waliokuwemo wakapona. Angalia kwamba hesabu ilirudiwa kabla ya safari, ikatoa jibu lile lile kwa kuwa kosa lilikuwa lile lile. Kuuliza "tumehesabu sawa?" hakukuweza kuwasaidia. Lililohitajika ni "hii 1.77 ni ya nini?"

Ukiwa wewe ndiye unayeomba msaada kazini, swali zuri lina vitu vinne: ulitaka kupata nini, ulifanya nini hasa, ukaona nini, na umeshajaribu njia zipi. "Programu haifanyi kazi" humlazimu mwenzako akuhoji mara tano kabla ya kukusaidia. Ujumbe wa hitilafu unakili neno kwa neno, namba zake zikiwemo, usiusimulie. Jipe kama dakika 20 za kuhangaika mwenyewe, kisha uliza. Kazi inayoweza kuumiza mtu au kufuta data haina dakika hizo: uliza kabla ya kugusa.

Kwa "kwa nini" nina tahadhari. Toyota imejulikana kwa kuliuliza mara tano mfululizo mashine inaposimama, hadi wafike kwenye chanzo: fyuzi imeungua, kwa nini, beringi haina mafuta ya kutosha, kwa nini, na kuendelea. Likielekezwa kwa mashine, swali hilo huchimba. Likielekezwa kwa mtu, "kwa nini umechelewesha?" humfanya atafute utetezi. "Ilikwama wapi?" hukuletea habari ile ile bila ugomvi.

Na kwa mfamasia, tafadhali, usitosheke na "mara tatu kwa siku". Uliza ni kila baada ya saa 8 au pamoja na milo, maana kwa baadhi ya dawa tofauti hiyo ina uzito. Uliza inatibu nini, itumike siku ngapi hata kama nafuu imekuja mapema, dozi ikisahaulika ufanyeje, na dalili gani ikitokea uache na kurudi. Mtajie dawa nyingine zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Halafu, kabla hujaondoka, mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo nameza hii asubuhi, kisha…" na umwache akusahihishe.