Hatusikii, Mwalimu!

"Hatusikii, mwalimu!" Imetoka dawati la nyuma kabisa, leo asubuhi, katikati ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Tena kwa sauti nzito, safi, ya mtu aliyelala vizuri na asiye na deni la mtu. Nikajibu, "Sogeeni mbele." Ikatoka hewa tupu, kama mpira wa baiskeli uliokanyaga msumari. Darasa zima likacheka. Na mimi ningecheka, ila kucheka nako kunataka koo.

Silalamiki. Nasema tu, seremala akivunjikiwa na msumeno watu humpa pole. Mimi nikipwewa na sauti naambiwa, "Afadhali, leo hutugombezi."

Basi wiki iliyopita nilijipeleka hospitali. Mapokezi alikaa dada mmoja nyuma ya kioo. Nikainama kwenye kitundu, nikanong'ona: "Koo." Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama na yeye, akaninong'oneza: "Usijali kaka yangu, hapa kila kitu ni siri." Nikamwambia hakuna siri yoyote, sauti imekauka tu. Lakini na hayo nayo niliyanong'ona, kwa hiyo huruma ikamzidi. "Mama watoto anajua?" Nikatikisa kichwa, maana yangu hapana, siyo hivyo. Yeye akaelewa hapana, hajui. Akaandika maneno marefu kwenye faili langu, akalifunika kwa kiganja, akanionyesha benchi la mwisho, kule pembeni.

Benchini nikamkuta bibi mmoja. Adabu ni adabu, nikamwamkia. Shikamoo yangu ikatoka bila shika wala moo. Bibi akanikazia macho kwanza, kisha akamgeukia mwenzake: "Maskini, kumbe kiziwi." Akanisogelea sikioni: "UMEKUJA NA NANI?" Sikio ndilo lilikuwa kiungo changu cha mwisho chenye afya.

Muuguzi akatoka, akaita jina langu. Nikanyoosha mkono. Akaita tena. Nikanyoosha yote miwili. Akaita la tatu, bwana mmoja akaropoka "Hayupo, niingie mimi!" na akaingia. Miaka yote hii nawaambia watoto nyoosha mkono, usiropoke. Nitawaambia nini sasa?

Daktari alinipitishia puani kimrija chembamba chenye kamera, akaniambia niseme "iii". Nikaiona kwenye kioo cha kompyuta "iii" yangu: nyuzi mbili za sauti ndani ya zoloto, kule kooni, na kila moja ina kinundu, vinatazamana kama majirani wasiosalimiana. Ni sugu, akasema, kama za mkono wa jembe. "Unafanya kazi gani?" Nikamwonyesha kiganja chenye chaki. "Aaa," akasema. Aaa nzuri sana, ya mtu anayeongea na mmoja mmoja.

Akanieleza kuwa nyuzi hizo za mwanamume hugongana mara mia na ushei kwa sekunde, za mwanamke kama mara 200. Hapo ualimu ukanipanda. Kipindi dakika 40. Tuseme nusu yake naongea, nusu nasubiri watu wanyamaze. Sekunde 1,200 mara 100: migongano 120,000, na hicho ni kipindi kimoja! Soli ya kiatu gani ingestahimili? Wenzangu wa kike wao waizidishe mara mbili; haishangazi kwamba haya huwapata wao zaidi.

Ushauri ukaanza. Nisinong'one, kwa kuwa kunong'ona nako kunaweza kuzikaza nyuzi. (Kumbe mimi na dada wa mapokezi tulijitesa bure.) Nisijikohoze kila mara, kwani ni kuzibamiza. Nikajikohoza kwa mshangao. Ninywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, kwa sababu maji hayapiti kwenye nyuzi zenyewe, yanakwenda tumboni, na mwili ndio unaozilainisha kutoka ndani. Sawa. Na hayo maji yakitaka kutoka saa nne kasoro, nani atabaki na watoto sabini? Halafu nisishindane na kelele. Eti Mfaransa Étienne Lombard alishaeleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Mimi nimezungukwa na kelele zao, wao wamezungukwa na zangu. Nani aanze kushuka?

La mwisho, nipumzishe sauti, na ukwaruzaji ukizidi wiki tatu au nne nirudi bila kuchelewa. Akaniandikia barua.

Mwalimu mkuu akaisoma mpaka kwenye muhuri, akasikitika kwa dhati. "Pole sana, mwalimu. Basi wiki hii usifundishe sana. Kamata zamu."

Zamu! Yaani nipange mistari, nitawanye mistari, nitafute nani kavunja dirisha, na yote hayo uwanjani, upepo ukivuma. Nikamwandikia kwenye karatasi: KIPAZA SAUTI? Maana tunacho. Kimefungiwa kabatini, kinatolewa wakija wageni, wawahutubie watu waliokaa hatua mbili kutoka kwao. Akasema nichukue tu, ufunguo anao mhasibu.

Mhasibu nikamwona, ng'ambo ya uwanja, anaelekea getini na mkoba wake. Nikampungia mikono yote miwili.

Akanipungia na yeye, akaenda zake.