Kabla ya kubishana kuhusu mililita 6, tumpime mgonjwa urefu

Mama mwenye urefu wa sentimita 155 anafikishwa wodi ya wagonjwa mahututi usiku, nimonia imeshamlemea, anaunganishwa na mashine ya kupumulia. Kwenye faili ameandikiwa kilo 85, uzito uliokisiwa kwa macho. Mashine inawekwa imsukumie mililita 500 kila pumzi. Oksijeni inapanda, king'ora kinanyamaza. Mwongozo wa kulinda mapafu, ambao madaktari bado wanaubishania, unataka kila pumzi iwe mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu, si kwa macho. Mama huyu ungempa mililita 290 hivi.

Hesabu yenyewe ni hii: chukua urefu, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, kisha jumlisha 45.5 kwa mwanamke au 50 kwa mwanamume. Kwa urefu wake mama huyu anahesabiwa kilo 48, na kila kilo inapewa mililita 6. Mapafu hayanenepi mwili unaponenepa. Yakiingiwa na ARDS, yaani yakivimba na kujaa maji ghafla, sehemu inayoendelea kupokea hewa inaweza kubaki ndogo kama mapafu ya mtoto wa miaka 5 au 6. Luciano Gattinoni wa Italia ndiye aliyetufundisha kuyaona hivyo. Zile mililita 500 zote zinakwenda kwenye kisehemu hicho, na ndicho kinachoumia.

Utafiti uliojenga mwongozo huu ulitolewa Marekani mwaka 2000, kwa wagonjwa 861. Waliopewa mililita 12 kwa kilo, asilimia 39.8 walifariki, waliopewa 6, asilimia 31.

Wasiotaka namba hiyo igeuzwe msahafu wana hoja nzito. Mililita 12, wanasema, zilikuwa nyingi kuliko walizozoea madaktari wengi wakati ule, kwa hiyo huenda utafiti ulionyesha ubaya wa 12 kuliko uzuri wa 6. Kwa wagonjwa wasio na ARDS, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018 haukuona faida ya kushusha pumzi kiasi hicho. Tena mgonjwa anayepewa pumzi ndogo anaweza kushindana na mashine hadi aongezewe dawa za usingizi, na kabonidayoksaidi inapanda kwenye damu. Hili la mwisho silipuuzi hata kidogo: kwa aliyeumia kichwa, gesi hiyo hutanua mishipa ya ubongo na kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Kwa wengine wengi, dawa ni kuongeza kasi. Pumzi 14 za mililita 500 ni lita 7 kwa dakika. Pumzi 24 za mililita 290 zinakaribia hizo hizo. Gesi itapanda kidogo, na wengi huistahimili.

Ila hoja ya "kila mgonjwa na mapafu yake" inadai kuwepo mtu anayepima. Mwaka 2014 wodi 459 za nchi 50 zilichunguzwa: zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa ARDS walikuwa wakipewa zaidi ya mililita 8 kwa kilo, na shinikizo la mapafu pumzi ikishatulia, lile lisilotakiwa kuvuka sentimita 30 za maji, lilipimwa kwa asilimia 40 tu ya wagonjwa hao. Huko si kumchagulia mgonjwa kipimo chake. Anayetaka kuiacha 6 kwa sababu nzuri lazima kwanza ajue 6 ya mgonjwa wake ni ngapi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna ugumu mwingine, nao ni wa kweli. Vigezo vya Berlin vya kuitambua ARDS vinadai kipimo cha damu ya ateri na mashine ya kupumulia. Watafiti waliochunguza wagonjwa Kigali, katika kazi iliyotoka mwaka 2016, walitumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni na ultrasaundi, wakapata wagonjwa 42. Hakuna hata mmoja aliyetimiza vigezo vya Berlin. Mwongozo usiomwona mgonjwa hauwezi kumlinda.

Lakini futi kamba tunayo. Mgonjwa akilazwa chali, muuguzi mmoja anashika ncha kisiginoni, mwenzake anaivuta hadi utosini, kisha namba inaandikwa kwenye plasta na kubandikwa juu ya mashine, mahali ambapo anayeingia zamu ya asubuhi ataiona kabla hajagusa kitufe.