Mmemkumbuka Mynarski, mmeusahau mlango

Kuna mtu katurushia kwenye grupu la WhatsApp picha ya kijana aliyevaa sare ya jeshi la anga, na chini yake maandishi marefu ya kuliza watu. Andrew Mynarski, Mkanada, aliyeungua akijaribu kumwokoa mwenzake ndani ya ndege ya mabomu. Mwisho wa maandishi: "Hawa ndio wanaume. Vijana wa sasa mtajifunza lini?" Zikafuata emoji za moto (za moto, jamani, kwa mtu aliyekufa kwa kuungua), zikafuata amina, kisha mzee mmoja akaongeza kwamba kizazi hiki kinajua kubeti tu.

Mimi nilinyamaza huko. Nimekuja kusemea hapa.

Kwanza, kisa chenyewe ni cha kweli, na ni kizito kuliko mlivyokisimulia. Mynarski alizaliwa Winnipeg mwaka 1916, wazazi wake wahamiaji kutoka Poland. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 16, ikabidi aingie kazi ya kukata ngozi ili mama na wadogo zake wapate kula. Si mtoto wa kishua aliyekwenda vitani kutafuta sifa. Mwaka 1941 akajiunga na jeshi la anga la Kanada, na kufikia 1944 alikuwa Kaskazini mwa Uingereza, kambi ya Middleton St George, kikosi cha 419. Kwenye ndege yao ya mabomu, aina ya Lancaster, walikuwa watu saba. Yeye alishika bunduki za juu, katikati ya ndege. Rafiki yake, Pat Brophy, alikaa mkiani kabisa, peke yake, kwenye kibanda cha chuma na vioo. Brophy alikuwa afisa, Mynarski hakuwa. Kwa hiyo kila wakiagana usiku, Mynarski alikuwa akikakamaa, anapiga saluti ya utani: "Usiku mwema, afande."

Usiku wa tarehe 12 Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, siku sita baada ya majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada kutua pwani ya Normandy kupambana na Wajerumani, walitumwa kupiga njia za reli za Cambrai, Ufaransa. Ilikuwa safari yao ya 13. Wakisubiri kuondoka, wamekaa kwenye nyasi, Mynarski akaokota lile jani lenye vipande vinne ambalo Wazungu huliona la bahati, akampa Brophy. (Kumbe na wao wana hirizi zao. Tukivaa sisi ni ushirikina.)

Juu ya Ufaransa ndege ya Wajerumani ikawafumania. Injini mbili za kushoto zikafa, moto ukashika ndani. Rubani akaamuru watu waruke. Sasa hapa ndipo mngesoma taratibu, maana hapa ndipo mlipopita mbio mkiwahi kwenye saluti.

Kile kibanda cha mkiani huzungushwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroli, na hayo mafuta husukumwa na injini. Injini ikifa, kibanda kinakwama. Mtu wa mkiani hatoki mpaka milango ya kibanda ielekeane sawasawa na mwili wa ndege, kwa sababu parachuti yake hata hakai nayo humo, imetundikwa nje, nyuma ya mgongo wake. Brophy alikwama kibanda kikiwa kimegeuka upande. Akashika mpini wa kuzungushia kwa mkono, ambao umewekwa kwa ajili ya balaa kama hilo. Mpini ukavunjika.

Mynarski alikuwa tayari yuko mlangoni, hatua moja tu aruke. Akageuka akamwona. Akatambaa kwa magoti katikati ya mafuta yanayowaka, akachukua shoka akapiga, shoka likashindwa, akavuta kwa mikono, nguo zake zikiwaka kuanzia kiunoni kushuka chini. Brophy akampungia aondoke. Akarudi kinyumenyume, maana hakutaka kumpa mwenzake mgongo, akafika mlangoni, akapiga ile saluti. Brophy hakusikia sauti kwa kelele za ndege, lakini aliisoma midomo: usiku mwema, afande. Mynarski akaruka huku parachuti inawaka. Wafaransa waliokuwa chini walimwona akishuka kama kijinga cha moto. Alifika ardhini hai, akafa muda mfupi baadaye kwa majeraha ya moto. Alikuwa na miaka 27. Brophy yeye alianguka pamoja na ndege, mti ukaipiga bawa, kibanda kikarushwa pembeni naye ndani yake, akatoka mzima. Wenzao wote watano nao wakapona.

Mwaka 1946 Mynarski akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa sababu Brophy alikuwa hai kusimulia. Kikosi kizima cha ndege za mabomu za Uingereza kilipoteza watu 55,573 kati ya takriban 125,000. Piga hesabu ni wangapi walishika shoka na wasibaki na shahidi.

Lakini kinachonichoma ni ule mpini. Nani aliuagiza? Nani alikagua akasema unatosha? Kwenye maandishi yenu hayupo, na hatakuwepo, kwa sababu kumsifu kijana aliyeungua hakuhitaji mtu yeyote ofisini ajibu swali.

Na ofisini walikuwepo watu wanaojua. Freeman Dyson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafizikia mkubwa, aliajiriwa akiwa na miaka 19 kufanya hesabu za kikosi hicho hicho cha ndege za mabomu. Akaona jambo la kutisha: ndege ya Marekani ya mabomu ikitunguliwa, karibu nusu ya watu wake walitoka hai. Kwenye Halifax ya Waingereza, kama robo. Kwenye Lancaster, ndege waliyoringia kuliko zote, asilimia 15 tu. Sababu mojawapo ilikuwa tundu la mbele la kutokea. La Lancaster lilikuwa na upana wa inchi 22, la Halifax inchi 24. Weka rula mezani uone inchi mbili. Sasa vaa koti la baridi, buti na mikanda ya parachuti, ndege inazunguka kuelekea chini, giza, kisha pita hapo. Mwenzake Dyson alipigania tundu lipanuliwe. Ikachukua miaka miwili, na lilipopanuka vita ilikuwa inaishia. Dyson mwenyewe alikadiria kwamba zile inchi mbili ziligharimu maelfu ya vijana.

Halafu wale vijana waliambiwa kwamba wakizoea safari, nafasi ya kupona inaongezeka. Hesabu za Dyson zikaonyesha uzoefu haukuwa ukisaidia tena. Hawakuambiwa.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: Mynarski hakupitia lile tundu la mbele, na Hitler asingeshindwa kwa kukaa kitako. Ndege ya vita si kochi. Sawa. Lakini mtu mwenye takwimu mezani akaamua inchi mbili zisubiri, huyo simpigii saluti.

Na kule Cambrai chini ya mabomu kulikuwa na raia wamelala; hilo nalo hamkuliandika. Wala hamkujiuliza kwa nini kwenye ukuta wa kumbukumbu wa tume ya makaburi ya vita, pale Runnymede, Uingereza, kuna majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi, wakati tume hiyo hiyo ilikuja kukiri mwaka 2021, na kuomba radhi, kwamba wapagazi na askari wengi wa Afrika Mashariki wa vita ya kwanza ya dunia hawakuandikwa jina popote. Siku nyingine.

Sisi wenyewe ni mabingwa wa mchezo huu. Novemba 2022 ndege ilipoingia Ziwa Victoria pale Bukoba, wakafa watu 19, wavuvi ndio waliowahi. Kijana mmoja, kwa maelezo yake, alipewa shoka akavunje kioo cha marubani, kisha akazuiwa. Tukampongeza, akapewa fedha, akapewa kazi Zimamoto, akapigwa picha na wakubwa. Haki yake, sina kinyongo. Ila swali la kwa nini mtumbwi wa dagaa uliwahi kuliko boti ya uokoaji tulilijadili siku ngapi kabla ya kurudi kwenye Simba na Yanga?

Juzi nimepanda basi la mkoani. Dirisha la dharura limeandikwa vizuri kwa maandishi mekundu, kishikio cha nyundo ya kuvunjia kioo kipo, nyundo haipo. Nikamuuliza kondakta. Akaniangalia juu mpaka chini: "Kaka, unatuombea ajali?" Nusu ya basi wakawa upande wake, na mama wa siti ya nyuma akaanza kukemea roho ya mauti.